Robota si kipimo: kununua nyasi kavu na kumlisha farasi kwa mfuko mwembamba

Soko la nyasi kavu nchini Kenya limejengwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Nyasi hukatwa Nakuru, Laikipia, Narok, Kajiado au Trans Nzoia, zikafungwa marobota, zikapakiwa kwenye lori, na sehemu kubwa ya mzigo huishia kwa wafugaji wa maziwa. Farasi wa Karen, Limuru, Gilgil na Nanyuki, na wale wanaobebeshwa watalii katika fukwe za Mombasa na Diani, hula karamu aliyoandaliwa mwingine. Ndiyo maana muuzaji, hata akiwa mwaminifu kabisa, anaweza kukuuzia nyasi zitakazomnenepesha ng'ombe na kumuumiza farasi. Hajakudanganya. Hakuulizwa swali la farasi.

Kwa hiyo mwenye farasi na pesa kidogo ana mambo mawili ya kutegua kwa pamoja: kujua analipia nini hasa, na kujua farasi anahitaji nini ambacho ng'ombe hahitaji.

Tuanze tumboni, maana hapo ndipo makosa mengi ya gharama huzaliwa. Ng'ombe hucheua. Nyasi alizomeza hukaa kwenye tumbo la kwanza, vijidudu vikazishughulikia, zikarudi mdomoni kutafunwa upya, na baadaye ndipo zinapofika kwenye utumbo mwembamba ambako virutubisho hufyonzwa. Farasi mpangilio wake ni kinyume. Chakula hupita tumbo dogo, kikaingia utumbo mwembamba, na vijidudu vyake vya kuvunja nyuzi viko nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Urea iliyochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe hugeuzwa protini na vijidudu vya tumbo la kwanza. Kwa farasi hufyonzwa mapema na kutoka na mkojo, na pesa yako pamoja nayo. Tena tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali. Akikaa saa sita na zaidi bila cha kutafuna, asidi hiyo huanza kula ukuta wa tumbo. Nyasi kwa farasi ni chakula na ni dawa ya vidonda kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu kupunguza nyasi ili kuongeza pumba ni akiba inayorudi kama bili ya daktari.

Anahitaji kiasi gani? Huwezi kujua bila kumpima, na kanda laini ya kupimia inatosha, mradi izidi mita mbili. Pima mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, akiwa ametoa pumzi. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Vyote viwe kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye kifua cha sentimita 180 na urefu wa 165 atatoka kilo 450. Kosa la kilo 20 au 30 si ajabu kwa njia hii, lakini ukipima kwa kanda ileile, mtu yuleyule, kila baada ya wiki mbili, utaona anakokwenda kabla macho hayajaona.

Farasi mzima asiye na kazi nzito hula takriban asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, ukihesabu lishe isiyo na maji. Kwa kilo 450 hiyo ni kilo 9. Nyasi zilizokauka vizuri bado zina maji ya asilimia 10 hadi 12, kwa hiyo mizani itasoma kilo 10 hivi. Anayehitaji kupunguzwa unene anaweza kushushwa hadi asilimia 1.5, lakini usiende chini ya hapo bila daktari wa mifugo. Kilo 10 kwa siku ni kilo 300 kwa mwezi. Shika namba hiyo, tutaitumia sasa hivi.

Bei ya robota haikuambii kitu. Marobota hutoka kwenye mashine tofauti, mengine hufungwa kwa sanduku la mbao na miguu ya vibarua, na yote huitwa "robota". Tuseme muuzaji wa kwanza anataka shilingi 300 kwa robota lenye kilo 15, na wa pili anataka 250 kwa robota ambalo mizani inalisoma kilo 11. Wa kwanza anauza kilo kwa shilingi 20. Wa pili, anayeonekana rahisi, anauza karibu shilingi 23. Kwa mwezi, farasi wako atakula marobota 20 ya wa kwanza na zaidi ya 27 ya wa pili. Hesabu usafiri na kushusha kwa kila robota na pengo linapanuka.

Mizani ya kuning'iniza yenye ndoana, ile ya kupimia magunia, ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya tandiko jipya. Pima marobota kumi kutoka sehemu mbalimbali za lori: juu, katikati, chini, pembeni. Chagua mwenyewe. Gawanya jumla kwa kumi na huo ndio uzito wa mzigo.

Hapa lazima tumtendee haki muuzaji. Robota lililofungwa likiwa na kilo 15 na unyevu wa asilimia 18 litaendelea kukauka ghalani. Likifika asilimia 12 litakuwa na kilo 14 pungufu kidogo, na lishe iliyomo ni ileile. Kwa hiyo aliyekuambia 15 na mizani ikasema 14 si mwizi. Aliyekuambia 15 na mizani ikasema 11 ana maelezo ya kutoa. Na la kuogopwa zaidi ni robota zito kupita kiasi kwa ukubwa wake: mara nyingi uzito huo ni maji. Kilo 15 zenye unyevu wa asilimia 22 zina lishe ya kilo 11.7 tu, wakati kilo 15 zenye asilimia 12 zina kilo 13.2. Umenunua lita moja na nusu ya maji kwa bei ya nyasi, na maji hayo yatakuletea ukungu.

Ukungu na joto

Nyasi zinazofungwa zikiwa na unyevu chini ya asilimia 15 hadi 18 hukaa salama. Zikipita 20, vijidudu huanza kazi, robota hupata joto kwa ndani, na zikipita 25 ghala linaweza kushika moto lenyewe wiki chache baada ya kupangwa. Mshindo wa mvua za masika au vuli ukikaribia, wakulima wengi hufunga kabla ya wakati kwa kuogopa kunyeshewa, na ni rahisi kuwaelewa, ila gharama huhamia kwako.

Omba kufungua robota moja au mawili. Muuzaji akikataa, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Ukishafungua, ingiza mkono hadi katikati: pakiwa na joto kuliko nje, liache. Chukua konzi ya nyasi uisokote. Zilizokauka hukatika baada ya mizunguko michache, mbichi hujikunja tu. Pigapiga kipande juani uone kama vumbi jeupe linapaa. Vumbi hilo ni mbegu za ukungu, na ndilo linaloanzisha kikohozi kisichoisha na pumu ya farasi. Nje ya robota kupauka si kasoro. Jua limechoma rangi na vitamini kidogo, ndani bado ni kijani. Rangi ya kahawia yenye harufu tamu ya tumbaku ni hadithi nyingine: nyasi zilipata moto, protini imejifunga isiweze kumeng'enywa, na cha kuudhi ni kwamba farasi huzipenda sana. Usichukue ulafi wake kuwa cheti cha ubora.

Nyasi zenye vumbi kidogo lisilo la ukungu zinaweza kuokolewa kwa kuloweka dakika 10 hadi 30 kabla ya kulisha. Zisilowekwe usiku kucha, zitapoteza sukari na madini na kuanza kuchacha kwenye joto la pwani. Zenye ukungu haziokolewi kwa maji.

Zilikatwa lini, na ni nyasi gani?

Boma Rhodes ndiyo inayotawala soko, na kwa bahati nzuri ni chaguo zuri kwa farasi. Lakini Rhodes iliyokatwa inapoanza kutoa maua na Rhodes iliyokatwa baada ya kuvuna mbegu ni bidhaa mbili zenye jina moja. Ya kwanza huwa na majani mengi na protini ya asilimia 8 hadi 10. Ya pili ni vijiti. Protini hushuka hadi 4 au 5. Wakulima wengi huuza mbegu kwanza, ambayo ina bei, kisha hufunga mabaki. Si dhambi, mradi aseme na bei ishuke.

Tofauti yake kwa farasi wa kilo 450 asiye na kazi: anahitaji gramu 570 hivi za protini kwa siku. Kilo 9 za lishe kavu zenye asilimia 8 zinampa 720, na huhitaji kuongeza chochote. Zenye asilimia 5 zinampa 450. Pengo la gramu 120 linazibwa na kilo moja ya majani makavu ya alfalfa, mmea wa jamii ya kunde wenye protini nyingi. Kwa hiyo nyasi za baada ya mbegu zinaweza kufaa, ikiwa punguzo la bei kwenye kilo 10 za siku linazidi gharama ya kilo moja ya alfalfa. Mara nyingine linazidi, mara nyingine halizidi. Piga hesabu kila msimu.

Alfalfa hapa wengi huiita lusani. Tahadhari: Tanzania kuna mti wa lishe unaoitwa mlusina, na majani yake, lusina, huuzwa kwa wafugaji. Majina yanakaribiana, mimea haihusiani. Lusina ina sumu ya mimosini, ambayo ng'ombe wenye vijidudu sahihi huivumilia, lakini farasi hunyonyoka singa na mkia. Ukiagiza kwa simu, eleza mmea wenyewe, usitaje jina tu.

Aina ya nyasi ina uzito kuliko watu wanavyodhani kwa sababu ya oksaleti. Nyasi za kikuyu zinazofunika malisho ya Limuru, setaria ya Nandi, matete, nyasi za jamii ya Panicum, na Cenchrus ciliaris inayopandwa nyanda kavu za Kajiado, Makueni na Kitui, zote zina oksaleti inayokamata kalsiamu. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe huivunja mapema na kalsiamu ikaachiliwa. Kwa farasi kalsiamu inapaswa kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kabla ya kufika kwenye vijidudu, kwa hiyo hupita ikiwa imefungwa. Mwili hukopa kutoka mifupani. Baada ya miezi kadhaa farasi huchechemea mguu huu leo na ule kesho, mifupa ya uso huvimba pande zote mbili, meno hulegea, na anakonda mbele ya hori lililojaa. Rhodes ina oksaleti kidogo sana. Kama malisho yako ni ya kikuyu, angalau nusu ya anachokula iwe Rhodes, na alfalfa kidogo juu yake kwa ajili ya kalsiamu.

Nyasi za asili za mbugani zinaweza kuwa nzuri sana, tena kwa bei ndogo, lakini chambua robota zima kabla ya kununua. Gugu karoti, mnanaha na mimea ya jamii ya marejea, yote yenye sumu, ndiyo unayoitafuta ili uikwepe. Farasi malishoni huiruka. Ikishakauka na kufungwa pamoja na nyasi hawezi kuitenga. Marejea-pori huharibu ini polepole, na dalili huonekana wakati hakuna tena cha kufanya. Angalia pia waya, mifuko na miba, hasa nyasi zilizofyekwa kando ya barabara.

Muuzaji mwaminifu humjui kwa maneno matamu. Utamjua kwa anayokuruhusu: kupima, kufungua, kuona shamba au ghala. Anajua alikata mwezi gani, kama mvua ilizipata zikiwa chini, na kama mbegu ilivunwa. Akikuambia "hizi ni za baada ya mbegu, za ng'ombe waliokauka maziwa, subiri mzigo ujao," mshike mtu huyo wala usimbane bei hadi akukimbie. Kubalianeni mapema, kwa ujumbe wa simu unaobaki, juu ya wastani wa uzito, hatua ya ukataji, na kwamba robota litakalokutwa na ukungu ndani ya siku kadhaa litabadilishwa. Dalali asiyejua shamba lilipo hawezi kuahidi hayo. Bei yake iakisi hatari unayobeba wewe.

Nunua nyasi zinapokuwa nyingi, baada ya mavuno yanayofuata masika, si Januari na Februari wakati kila mfugaji anazitafuta. Farasi mmoja anakula kilo 3,650 kwa mwaka. Tani moja ya marobota madogo hujaza mita za ujazo 8 hadi 10, kwa hiyo mwaka mzima unahitaji kibanda cha mita 4 kwa 4, marobota yakipangwa hadi mita 2 na ushee. Kama pesa ya mwaka haipo, nunua ya miezi minne. Inua juu ya mbao au paleti, acha nafasi ukutani hewa ipite, na turubai lisilale moja kwa moja juu ya nyasi.

Pumba, mahindi na mifuko ya dukani

Pumba za ngano ndizo akiba ya uongo inayopendwa zaidi. Kilo moja ina fosforasi gramu 11 hivi na kalsiamu gramu moja na kitu. Farasi anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au zaidi, kwa hiyo pumba nyingi kila siku huleta ugonjwa uleule wa mifupa unaoletwa na oksaleti. Ukichanganya pumba na nyasi za kikuyu umeupigia hodi milango yote miwili. Ukilazimika kutumia pumba, kila kilo moja iambatane na gramu 30 za chokaa ya mifugo, na usipite kilo moja kwa siku. Uji wa pumba wa mara moja kwa wiki, mila ya mazizi mengi, haumsaidii. Unamshtua tu kwa chakula kigeni.

Mahindi ni nguvu tupu, na farasi asiyefanya kazi hayahitaji. Hatari yake kubwa ni ukungu wa Fusarium, unaotoa fumonisini, sumu inayoharibu ubongo wa farasi hadi kifo. Mahindi "mabovu ya mifugo" yanayouzwa bei ya kutupa yasifike zizini kwako, hata baada ya kupepetwa. Chakula cha kuku, na baadhi ya vyakula na madini ya ng'ombe, huweza kuwa na monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo hao: miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wa farasi zinatosha kuua moyo wake. Soma lebo, isiyo na orodha ya viambato, usinunue.

Na acheni kupima kwa mkebe. Gorogoro moja la mahindi ni kilo mbili. Gorogoro lilelile likijazwa pumba halifiki kilo moja. Saisi (mtunza farasi) aliyeambiwa "gorogoro mbili" na bidhaa ikabadilika amebadilisha mlo mzima bila kujua, na lawama itamwangukia yeye. Pima mara moja kwa mizani, chora alama kwenye mkebe, andika ukutani.

Anachohitaji kila farasi juu ya nyasi ni chumvi ya mezani, vijiko viwili vya chakula kwa siku, zaidi akitoka jasho, na maji lita 25 hadi 50. Farasi anayekula nyasi kavu na kunyimwa maji hupata msokoto wa tumbo kwa kuziba, na msokoto mmoja unakula bajeti ya miezi.

Pesa nyingine hupotea chini ya kwato. Chuo Kikuu cha Minnesota kilipima marobota madogo: nyasi zilizomwagwa chini zilipotea asilimia 13, zilizowekwa kwenye hori la mabanzi asilimia 1. Kwa farasi wetu wa kilo 300 kwa mwezi, 13 ni kilo 39, karibu marobota matatu. Fundi wa mbao wa mtaani atatengeneza hori hilo kwa siku moja.

Kabla ya kuongeza chakula kwa farasi aliyekonda, angalia kinywa na kinyesi. Vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu vikidondoka chini, tatizo ni meno, na hata alfalfa bora haitafika tumboni. Pima mayai ya minyoo kwenye kinyesi badala ya kumwaga dawa kila baada ya miezi miwili. Kipimo ni nafuu kuliko dawa isiyohitajika. Mabadiliko yoyote ya chakula, hata kutoka Rhodes ya shamba moja hadi ya jingine, yachukue siku 10 hadi 14, robo kwa robo. Acha marobota matano ya mzigo wa zamani kwa kazi hiyo kabla lori jipya halijafika.

Wenye punda, Lamu au penginepo, wasiinakili hesabu hii. Punda huchuma zaidi kutoka nyasi duni kuliko farasi, na asilimia 1.3 hadi 1.8 ya uzito wake inamtosha. Punda wa kilo 160 ni kilo mbili na ushee hadi tatu na ushee za nyasi kavu. Zile za baada ya mbegu, ambazo kwa farasi zinahitaji alfalfa, kwake ndizo hasa zinazomfaa. Akinenepa, mpunguzie polepole sana. Punda mnene aliyekatiwa chakula ghafla hujaza mafuta kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku chache.